Barua ya wazi: Tuonyesheni pa kuziweka silaha zetu

Kwa:
Waziri wa Usalama wa Ndani,
Mkuu wa Utumishi wa Umma,
Mwenyekiti wa Bodi ya Leseni za Silaha,
NAIROBI.

Waheshimiwa,

KUH: UHIFADHI WA SILAHA ZA KUJILINDA ZA WATUMISHI KATIKA OFISI ZA SERIKALI

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Pwani, katika kazi ya ardhi. Aliyewahi kusimamia upimaji wa kiwanja chenye wadai watatu, au kuandika ripoti inayoonyesha kwamba hatimiliki ya mtu mwenye nguvu ina kasoro, anaelewa kwa nini baadhi yetu hurudi nyumbani tukitazama nyuma. Nilitishiwa, nikaviandikisha vitisho hivyo polisi, kisha nikaomba leseni ya bastola. Nilichunguzwa, nikapewa cheti, na kila mwaka nakihuisha. Mwishoni mwa 2018, serikali ilipoamuru raia wote wenye leseni wahakikiwe upya, nilikwenda nikahakikiwa.

Jina langu sitalitia hapa. Kumtangaza mtu kwa jina na mahali pake pa kazi, na kwamba anabeba bastola, ni kumwelekeza mwizi. Barua nilizoandika kabla ya hii zina jina langu, namba yangu ya kazi na sahihi yangu, na atakayetaka kuzungumza nami atazipata kwenye mafaili. Nilimwandikia mkuu wangu. Nikawaandikia wanaosimamia usalama wa jengo letu. Nikawaandikia walio juu yao. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa mdomo, kwenye ujia, kwamba jambo hili si la idara yetu. Zilizofuata hazikujibiwa kabisa. Ndiyo sababu leo naandika mahali ambapo kila mtu anasoma.

Shauri lenyewe ni hili. Serikali imenipa leseni ya kubeba silaha. Serikali hiyohiyo, kwenye lango la ofisi yake, hunikataza kuingia nayo. Sipingi katazo hilo, na nikiwa mkuu wa jengo ningelitoa mimi mwenyewe. Lakini kati ya leseni na katazo hakuna kabati, hakuna kitabu cha kutia sahihi, wala hakuna mtu aliyepewa jukumu. Kuanzia asubuhi ninapofika langoni hadi jioni ninapoondoka, bastola iliyosajiliwa na serikali, ndani ya kiwanja cha serikali, haina mahali. Wenzangu wa ofisi nyingine, wakiwamo waendesha mashtaka, wakaguzi wa hesabu na maafisa wa ushuru, wananieleza hali ileile.

Naomba mruhusu niyaeleze madhara yake moja baada ya jingine.

1. Silaha zinaachwa kwenye magari

“Rudisha kwa gari.” Hilo ndilo agizo la mlinzi, na ndiyo sera nzima ya jengo letu. Hakuna karatasi inayolisema, kwa hiyo hakuna anayewajibika nalo. Mtumishi anarudi kwenye maegesho, anaitia bastola chini ya kiti au ndani ya dashibodi, anafunga mlango, anapanda ngazi. Gari linakaa juani mpaka jioni, kwenye maegesho yanayoingiwa na kila mwenye shida ya kutafuta hati, kulipa ada au kumsubiri jamaa yake.

Wezi wa magari mijini kwetu si wageni wa mambo haya. Wapo wanaovunja kioo, na wapo wenye vifaa vya kuzuia rimoti, wewe ukaamini umefunga gari kumbe milango iko wazi. Mwizi aliyekuja kutafuta kipakatalishi akikuta bastola, hatairudisha. Mwaka 2016 serikali ilichoma silaha 5,250 pale Ngong, na sote tulipongeza. Kuzisaka silaha haramu mitaani huku tukizipanga zile halali kwenye magari yasiyo na mlinzi ni kuziba tundu moja na kutoboa jingine.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aihifadhi kwa usalama wakati wote. Hiyo ni haki, na naikubali. Lakini bastola ikiibwa garini, atakayeandikisha maelezo ni mimi, atakayepoteza cheti ni mimi, na anayeweza kushtakiwa ni mimi. Aliyeniamuru niiache garini hataonekana popote katika faili hilo, kwa kuwa agizo lake halijaandikwa.

2. Asiye na gari

Agizo la kurudisha garini linamdhania kila mtumishi ana gari. Wengi wetu tunapanda matatu. Wako wanaovuka feri ya Likoni kwa miguu, alfajiri na jioni, katikati ya umati. Mtu huyu afanye nini akifika langoni? Akiacha bastola nyumbani, anasafiri bila ulinzi katika safari ileile iliyomfanya apewe leseni. Akija nayo, hana gari la kuiweka. Kwa hiyo anaificha kiunoni chini ya shati, au ndani ya mkoba chini ya kitambaa na kopo la chakula, na anapita. Mashine ya kukagua ikilia, anaonyesha funguo.

3. Droo za ofisini

Hapa ndipo ninapohofia zaidi, na ndipo wakuu wetu wasipotaka kutazama. Silaha iliyopita langoni kwa kificho inaishia kwenye droo ya meza. Anayefanya kazi serikalini anazijua droo zetu: ufunguo wa meza moja hufungua meza tatu, na kufuli nyingi zimekufa zamani. Katika chumba hicho hupita mfagizi kabla ya saa mbili, mama wa chai saa nne, wanafunzi walio mafunzoni mchana kutwa, na wakati wa likizo za shule hupita pia watoto wa wafanyakazi ambao hawana mtu wa kubaki nao nyumbani. Mtoto hafungui droo kwa ubaya. Anatafuta kalamu.

Nimeuona mkoba wenye bastola ukiwa umetundikwa kwenye mgongo wa kiti, mwenyewe akiwa mkutanoni. Karani aliyekaa meza ya pili hakujua. Ana haki ya kujua yuko kwenye chumba cha namna gani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka msimamizi wa mahali pa kazi ahakikishe usalama wa wote wanaofanya kazi pale, na karani huyo ni mmoja wao sawa na mimi niliye na leseni.

4. Mzigo anaotwishwa mlinzi wa langoni

Pengine mlinzi ni mtu mwema, anamwonea mtumishi huruma, anasema, “Lete, nitakuwekea.” Anaitia bastola kwenye droo yenye vitambulisho vya wageni. Walinzi wengi wa malango yetu ni wa kampuni binafsi, na hapa Kenya walinzi hao hawabebi bunduki wala hawakufunzwa kuzishika. Kwa mujibu wa sheria, kuwa na silaha bila cheti ni kosa. Kijana anayelipwa mshahara mdogo, aliyetaka tu kusaidia, amekwisha kujiingiza kwenye kosa la jinai kwa ajili ya jengo lisilokuwa na utaratibu.

Wanaozishika silaha wanajua kwamba wakati wa hatari zaidi ni ule wa kuzipokeza. Mtu hutoa kasha la risasi, akadhani bastola ni tupu, kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba. Ndiyo maana kazi hii hufanywa mahali pa pembeni, mtutu ukielekezwa kwenye pipa la mchanga, chini ya macho ya mtu aliyefunzwa. Sisi tunaifanya juu ya meza ya langoni, foleni ya wananchi ikiwa hatua mbili mbele ya mtutu.

5. Siku za hasira

Tarehe 13 Juni 2024, katika Mahakama ya Makadara, Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini, kwenye kiti chake cha hukumu. Alikuwa ameifuta dhamana ya mshtakiwa, na aliyempiga alikuwa mume wa mshtakiwa huyo, afisa wa polisi mwenye cheo cha inspekta mkuu na mkuu wa kituo. Afisa huyo aliuawa papo hapo na polisi wenzake. Maafisa wengine walijeruhiwa. Hakimu alifariki kutokana na majeraha yake. Alikuwa mtumishi wa umma aliyetekeleza wajibu wake siku ile kama sisi tunavyotekeleza wetu.

Silaha ile ilikuwa ya kazi, haikuwa ya raia mwenye leseni, na sitaki kuchanganya mambo. Lakini mlango ulioipitisha ni mlango wa aina yetu. Mtu aliyekuja kwa shauri lake binafsi, lenye uchungu, aliingia na bastola kwa sababu ya cheo chake. Baada ya msiba ule mahakama zilitangaza kukaza ukaguzi. Ofisi nyingine za serikali, ambako watu husimamishwa kazi, hunyimwa hati, huvunjiwa vibanda na hupoteza mashamba kwa sahihi moja, hazikujifunza lolote ninaloliona mimi. Mfanyakazi anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu na bastola iko kiunoni mwake au kwenye droo ghorofa moja chini. Hakuna anayemwuliza. Kumwuliza kungehitaji kuwe na mahali pa kumwambia, “Iweke pale kwanza.”

6. Wasio na bunduki

Wauguzi na wahudumu wa hospitali za umma wanaotoka zamu usiku wana vifaa vyao vya kujilinda: kisu, rungu fupi, wakati mwingine nondo iliyofungwa kwenye gazeti. Langoni hunyang'anywa na kutupwa, au huingia navyo hadi wodini. Nao wanahitaji kasha la kuweka kitu wakiingia na kukichukua wakitoka.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimekwisha kuyasikia.

Litakuja la bajeti. Hatuombi jengo. Tunaomba kabati la chuma lenye visanduku vidogo, lililokomelewa ukutani, kila kisanduku na ufunguo wake, pamoja na pipa la mchanga na rejista. Mafundi wetu wa chuma wanatengeneza makabati mazito kuliko hayo kila siku. Ofisi inayoweza kubadilisha viti vya ukumbi wa mikutano inaweza kununua kabati hilo.

Litakuja la kutuambia tuziache silaha nyumbani. Nyumba iliyo tupu kuanzia alfajiri hadi magharibi si ghala la silaha, na leseni zetu zilitolewa kwa sababu ya hatari ya njiani. Ikiwa Bodi inaona mtumishi fulani hana haja tena ya silaha, ina mamlaka ya kukifuta cheti chake. Ifanye hivyo waziwazi na kwa sababu zilizoandikwa, kama Kifungu cha 47 cha Katiba kinavyotaka. Isimwachie mlinzi wa langoni kazi ya kumnyima mtu kinyemela kile ambacho Bodi imempa.

Lipo lile la kwamba polisi watatulinda. Nawaheshimu polisi, na vitisho vyangu wao ndio waliovipokea. Lakini hawawezi kumsindikiza kila mpima ardhi hadi mlangoni kwake, na hawajawahi kusema wanaweza.

Jibu lenye uzito, ambalo mkuu mmoja aliniambia kwa nia njema, ni kwamba kuweka makabati ni kuzikaribisha silaha ofisini, na wasiokuwa nazo watatamani kuwa nazo. Nimelifikiria sana. Silaha hizi ziko ofisini tayari. Tofauti ni kwamba leo hakuna mkuu wa jengo anayeweza kusema ziko ngapi, za nani, na ziko chumba gani. Kabati likiwekwa langoni, kabla ya mapokezi, silaha inaishia pale na haifiki kwenye meza yoyote. Rejista ikifunguliwa, mkuu atajua idadi kila asubuhi. Na anayeingia na silaha bila kuiweka hatakuwa tena na kisingizio. Ataadhibiwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono adhabu hiyo. Katazo lisilo na mahali pa kutii linawafanya watu waaminifu waishi kwa kujificha.

La mwisho ni woga wa dhima, kwamba silaha ikipotea kabatini serikali ndiyo itakayolaumiwa. Ni kweli, italaumiwa. Aliyetoa amri ya kuiacha silaha anapaswa kuibeba sehemu ya lawama, na nadhani woga huu ndio unaofanya barua zetu zisijibiwe.

Utaratibu ninaouomba si mgeni. Abiria mwenye bastola yenye leseni akifika uwanja wa ndege huitangaza na kuikabidhi kwa maafisa, naye huipata mwisho wa safari. Kila kituo cha polisi kina ghala la silaha na rejista yake. Askari hutia sahihi akichukua, hutia sahihi akirudisha. Afrika Kusini ina sheria tangu 1985 kuhusu kuingia majengo ya umma, inayompa afisa aliyeidhinishwa uwezo wa kumtaka anayeingia akabidhi alicho nacho kihifadhiwe mpaka atoke. Na Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogondogo, iliyotiwa sahihi katika mji wetu mkuu wenyewe, inazitaka nchi zetu zidhibiti silaha zilizo mikononi mwa raia, uhifadhi wake ukiwamo.

Kwa hiyo naomba haya.

Utolewe waraka mmoja kwa ofisi zote za serikali kuu, na kaunti zihimizwe kuufuata, unaosema wazi nani haruhusiwi kuingia na silaha, na ataiweka wapi. Popote palipo na bango la kukataza silaha pawe na kabati la kuzihifadhi. Ianzwe na majengo ambayo tayari yana askari polisi wa zamu, maana huko hakuna haja ya kuajiri mtu mpya.

Anayepokea silaha awe afisa wa polisi, na mlinzi wa kampuni akatazwe kuishika, kwa ajili ya usalama wake mwenyewe. Mwenye silaha aitoe risasi yeye mwenyewe mahali pa pembeni, aifungie mwenyewe, abaki na ufunguo, na apewe stakabadhi yenye namba ya silaha, saa na sahihi mbili. Rejista hiyo isiwe kitabu cha kuachwa mezani kila mgeni akisome. Majina ya wenye silaha ni siri ya usalama.

Kuacha silaha kwenye gari lisilo na mtu ndani ya viwanja vya serikali kupigwe marufuku, lakini baada ya kabati kuwekwa, si kabla. Droo nazo vilevile.

Katazo liwahusu pia polisi na walinzi wa wakubwa wanaokuja ofisini kwa mambo yao binafsi. Aliye zamu aingie na silaha yake ya kazi. Aliyekuja kufuatilia shamba la familia, kesi ya ndugu au malipo yake aiweke kabatini kama mimi. Na siku ya kikao cha nidhamu, au mtumishi anapopewa barua ya kusimamishwa, msimamizi awe na wajibu wa kuthibitisha kwamba silaha yake imehifadhiwa kabla kikao hakijaanza. Lifanyike kwa staha, bila kumwaibisha mtu mbele ya wenzake.

Tena naomba Bodi iliongeze swali moja kwenye fomu ya kuhuisha cheti: saa za kazi, silaha yako inakaa wapi? Majibu ya watumishi wa umma peke yake yataionyesha Bodi ukubwa wa jambo hili kuliko barua yangu.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu mwananchi anayeomba habari. Naomba, ndani ya muda huohuo tangu barua hii ichapishwe, mtueleze hadharani kama waraka wa aina hii upo, na kama haupo, ni ofisi ipi kati ya zenu tatu yenye jukumu la kuuandika. Mkinihitaji nije Nairobi kueleza haya ana kwa ana, nitakuja kwa gharama yangu. Nisipopata jibu nitawasilisha maombi rasmi kwa Bunge, kama Kifungu cha 119 cha Katiba kinavyoniruhusu, na nitaambatanisha nakala za barua zangu zote za awali.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mtumishi mwenye leseni,
Pwani ya Kenya.

Nakala:
Tume ya Utumishi wa Umma
Inspekta Jenerali wa Polisi
Vyama vya wafanyakazi wa serikali kuu na kaunti